Kupanga hija ya miguu hadi Bagamoyo kwa kuunganisha njia ya Morogoro, ya Msata na ya pwani

Kikundi kinachotoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa miguu hakina mambo mengi ya kupanga. Barabara ni moja, ni ya lami, kilomita zake hazizidi 70, na siku tatu zinatosha hata kwa wazee wenye afya njema. Kazi huanza pale jumuiya mbili au tatu zinapokubaliana kwamba moja itoke Morogoro, nyingine itoke Dar es Salaam, na pengine ya tatu itoke Tanga, kisha zote ziingie Bagamoyo pamoja na kusali Misa moja. Hapo ndipo kuchelewa kwa kundi moja kunapoharibu chakula, malazi na usafiri wa kundi jingine lililo mbali nalo. Mwongozo huu unahusu safari ya namna hiyo. Unachukulia kwamba njia kuu ni ile ya Morogoro, Chalinze, Msata na Bagamoyo, ambayo jumla yake ni chini kidogo ya kilomita 200, na kwamba kundi la pwani litaungana nayo mwishoni.

Sababu ya kuichagua Bagamoyo inafahamika kwa wengi, lakini viongozi wa msafara ni vizuri wawe nayo kichwani kwa usahihi, kwa maana wataulizwa njia nzima. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, waliweka misheni hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kutoka Bagamoyo walikwenda bara na kufungua misheni za Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ulifikishwa Bagamoyo ukiwa umebebwa na wapagazi wake wakiongozwa na Chuma na Susi, ukalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mahujaji wakumbushwe pia kwamba watumwa na wabeba pembe waliopitishwa njia ya bara hadi pwani hii hawakuwa na gari la mizigo nyuma yao.

Hatua ya kwanza: chagua siku ya kufika, kisha hesabu kurudi nyuma

Watu wengi huanza kwa kuuliza wataondoka lini. Swali hilo liachwe mpaka siku ya kufika iwe imekubaliwa na jumuiya zote kwa maandishi, kwa sababu siku ya kuondoka ya kila kundi itatokana na hiyo.

Majira ndiyo yanayoamua. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na bonde la Mto Ruvu kati ya Makurunge na Bagamoyo hujaa maji kirahisi. Kaskazi ya Desemba hadi Februari huleta joto linalomchosha mtu kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo wanaotaka kuadhimisha tarehe 24 Februari kwa kutembea wangefanya vyema kutembea siku ya mwisho tu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba haitabiriki. Inabaki miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ambapo hewa ni kavu kiasi, usiku una ubaridi kidogo na mtu anaweza kutembea hadi saa nne na nusu bila kuumizwa na jua.

Pentekoste huwavutia wengi kwa sababu ya jina la shirika lililoanzisha misheni, lakini sikukuu hiyo huangukia kati ya tarehe 10 Mei na 13 Juni, na mwaka ambao inakuja mapema itawakuta njiani katika matope. Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, kuna hali ya hewa nzuri, ila shule zimefunguliwa na madarasa ya kulala hayapatikani. Kwa maoni yangu tarehe bora ni 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo: kusi imeshatulia, shule ziko likizo ya katikati ya mwaka, na walimu na wanafunzi wa sekondari wanaweza kwenda bila kuomba ruhusa. Tazama tu kalenda ya Kiislamu kabla ya kuamua. Vijiji vya njia ya pwani na vya Msata vina Waislamu wengi, na mwezi wa Ramadhani ukiangukia siku zenu hamtapata mama lishe hata mmoja anayepika mchana, wala si adabu arobaini kati yenu kukaa kando ya barabara mkila mbele ya waliofunga.

Tuseme basi ni 29 Juni. Tarehe 28 kundi la bara linatoka Makurunge na kuvuka daraja la Ruvu kuingia Bagamoyo. Tarehe 27 ni Kiwangwa hadi Makurunge kwa kupitia Fukayosi, na tarehe 26 ni Msata hadi Kiwangwa. Barabara hiyo ya Msata hadi Bagamoyo ina kilomita 64, na hizo ndizo siku zake tatu. Tarehe 25 ni Lugoba hadi Msata, siku fupi makusudi. Tarehe 24 ni mapumziko Lugoba. Tarehe 23 ni Chalinze hadi Lugoba kwa kupitia Msoga. Kabla ya hapo kuna kilomita 85 hivi za barabara kuu kutoka Morogoro, ambazo zinagawanyika katika siku tano: Morogoro hadi Kingolwira tarehe 18, Mikese tarehe 19, Bwawani tarehe 20, Ubena Zomozi tarehe 21, Chalinze tarehe 22. Siku ya kwanza ni fupi kwa sababu hakuna siku ya kwanza inayoondoka kwa wakati. Kuna Misa, kuna baraka, kuna hotuba, na kuna mtu aliyesahau begi nyumbani.

Hatua ya pili: elewa tabia ya kila njia

Barabara ya Morogoro hadi Chalinze ni rahisi kwa huduma na mbaya kwa usalama. Maduka, zahanati, vituo vya mafuta na wakala wa pesa za simu wapo kila baada ya masafa mafupi, lakini malori na mabasi ya mikoani hupita usiku na mchana, na kingo za lami sehemu nyingine zimeliwa. Kuna pia maeneo ya magereza na ya jeshi upande wa Kingolwira na Ngerengere, ambako mahujaji wakatazwe mapema kupiga picha za majengo, magari au malango. Kuanzia Chalinze kuelekea kaskazini magari ni mengi bado, kwani hiyo ndiyo barabara ya Tanga, Moshi na Arusha. Ukikata kulia Msata mambo yanabadilika: magari yanapungua, miti inaongezeka, na huduma zinakuwa mbali moja na nyingine. Watu huifurahia sehemu hii kuliko zote, na hapo ndipo wanapoishiwa maji.

Kila mwaka hutokea mtu anayeshauri kufuata njia yenyewe ya misafara ya zamani badala ya barabara. Njia hiyo haikupitia Msata. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ruvu, mto ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, kisha ikaelekea kusini-magharibi. Henry Morton Stanley mwaka 1871 alipita Kikoka, Rosako na Msuwa hadi Mikese na Simbamwenni, ambayo ni Morogoro ya leo. Ni njia fupi kuliko ya Msata na ina historia yote, lakini leo imekatwa na mashamba ya watu, ranchi na vichaka, haina mfululizo wa parokia wala shule za kulala kundi kubwa, na gari la mizigo haliwezi kuifuata. Watu watano wenye mwenyeji wanaweza kuijaribu, ila kundi la watu arobaini lisiifikirie. Inatosha kuwaambia mahujaji wakifika Mikese kwamba wamekanyaga mahali ambapo njia ya zamani na barabara ya leo zinakutana.

Njia ya pwani kutoka Dar es Salaam inapita Tegeta, Boko na Bunju, inavuka Mto Mpiji kuingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Hadi Bunju ni mji mtupu: daladala, bodaboda, vumbi na kelele. Ningeshauri kundi la Dar es Salaam lipande daladala hadi Bunju na kuanza kutembea hapo kwa siku mbili, tarehe 27 na 28, badala ya kutumia siku nzima kukwepa magari ili tu kusema limetembea kutoka mjini.

Tanga ni jambo jingine. Kwenye ramani pwani inashuka vizuri kutoka Tanga hadi Pangani, Mkwaja, Saadani na Bagamoyo, lakini Saadani ni hifadhi ya taifa yenye simba, tembo na nyati, na hakuna ruhusa ya kupita humo kwa miguu kama apitaye mtaani. Wanaotoka Tanga wana mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni kutembea Tanga hadi Pangani kwa siku mbili au tatu, kisha kupanda gari hadi Msata na kuungana na wenzao. La pili ni kufuata barabara kuu ya Muheza, Segera, Mkata na Mbwewe hadi Msata, ambayo ukijumlisha na Msata hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 250 na inahitaji wiki mbili. La kwanza halina aibu yoyote, na mimi ndilo ninalolipendekeza.

Mandera inastahili neno lake. Kwa kuwa ni moja ya misheni za mwanzo zilizozaliwa na Bagamoyo, wengi watataka kuipitia, na iko kaskazini ya Msata kuelekea Mto Wami. Kwenda na kurudi kwa miguu kunaongeza siku mbili na kurudia barabara ileile yenye malori. Itumieni siku ya mapumziko ya Lugoba: wanaotaka wapande gari asubuhi, wasali Mandera, warudi jioni, na wenye miguu mibovu wabaki wameilaza.

Hatua ya tatu: maungio

Maungio ni pale njia moja inapoingia katika nyingine. Katika safari hii yako matatu: Chalinze, Msata na Bagamoyo mjini. Kila moja lihesabiwe kama safari ndogo inayojitegemea, yenye msimamizi wake ambaye hatembei. Msimamizi huyo awe mkazi wa hapo, si mtu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, na kazi yake ni nne: kujua nani wanaingia na saa ngapi, kuwa na ufunguo wa mahali pa kulala, kuwa na maji tayari, na kupiga simu kwa ungio linalofuata kundi linapoondoka.

Kabla ya kila ungio kuwe na siku fupi au siku ya kupumzika. Ndiyo maana Lugoba hadi Msata, mwendo wa asubuhi moja, imepewa siku nzima. Kundi la bara likichelewa kwa sababu ya mvua au ugonjwa, siku ya Lugoba inamezwa, na kundi la Tanga linalosubiri Msata halijui hata kama kulikuwa na tatizo. Ratiba ambayo kila siku ina kilomita 25 na kila usiku una mwenyeji mpya huonekana nzuri kwenye karatasi, na huvunjika siku ya nne.

Amueni mapema pia kile kitakachofanyika kama kundi limechelewa zaidi ya akiba yake. Kanuni iwe moja na isijadiliwe njiani: kundi lililochelewa linapanda gari hadi ungio linalofuata, na lililowahi halisubiri zaidi ya usiku mmoja. Watu hukataa kanuni hii kwa uchungu kwa sababu wameweka nadhiri ya kutembea hatua zote. Paroko azungumze nao kabla ya safari, si wakiwa wamekaa chini kando ya lami saa kumi na moja jioni.

Hatua ya nne: ipime njia kabla ya kuiandika

Miezi mitatu kabla ya safari, watu wawili waipite njia yote kwa bodaboda au gari dogo, wakiandika katika daftari kilomita za kila mahali penye maji, choo, kivuli kinachotosha watu wote, zahanati na duka. Msiamini ramani ya simu peke yake, kwa maana haionyeshi kwamba bomba la kijiji hufunguliwa asubuhi tu. Waonje maji. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi ambayo mtu aliyetembea kutwa hawezi kuyanywa ya kutosha, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko kulijua mkiwa na madumu matupu. Waulize vilevile siku za gulio, kwa kuwa siku hiyo barabara hujaa na mahali pa kupumzikia huwa pa wafanyabiashara.

Katika safari hiyohiyo wajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kila mahali mtakapolala. Ukifika, shikamoo mzee kwanza, kiti ukikaribishwa, habari za mji, ndipo shida iliyokuleta. Anayeanza na barua kabla ya salamu ataitwa arudi kesho.

Hatua ya tano: barua

Barua kwa polisi wa wilaya ziende wiki kadhaa kabla, moja kwa kila wilaya mtakayopita, zikitaja idadi ya watu, tarehe, barabara na simu ya kiongozi. Kwa upande wa Kanisa, kumbukeni kwamba Jimbo la Bagamoyo liliundwa mwaka 2025, kwa hiyo wanaotumia anuani walizorithi kutoka safari za miaka ya nyuma wahakikishe kwanza kila parokia sasa iko chini ya askofu yupi.

Barua kwa paroko iwe fupi na itaje mambo ambayo mwenyeji anayahitaji kwa kweli. Mfano wake ni huu:

"Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni mahujaji 40 tunaotembea kwa miguu kutoka Morogoro kwenda Bagamoyo. Wanawake ni 24 na wanaume 16. Tunatarajia kufika kwako tarehe 23 Juni kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni tukitokea Chalinze, na kuondoka alfajiri ya tarehe 25. Tunaomba mahali pa kulala chini ya paa, choo, na maji ya kuogea. Chakula, mikeka na vyandarua tunavyo wenyewe. Tutafagia tunapoondoka. Atakayekupigia simu siku moja kabla ni katibu wa msafara, ambaye namba yake iko chini."

Idadi ya wanawake na wanaume si mapambo. Mwenyeji anataka kujua kama darasa moja litatosha au anahitaji mawili. Na maneno kwamba chakula mnacho yaandikwe hata kama mna hakika atawapikia, ili akipika iwe ni ukarimu wake.

Hatua ya sita: miili

Mazoezi yaanze wiki kumi na mbili kabla. Anayeweza kutembea kilomita 20 Jumamosi hajathibitisha lolote mpaka aamke Jumapili na kutembea nyingine 15, kwa sababu hija inauma siku ya pili na ya tatu. Kufikia wiki ya nane kila mmoja awe ameshafanya Jumamosi na Jumapili mfululizo kwa viatu vilevile atakavyovaa safarini. Raba mpya zilizonunuliwa wiki ya mwisho zikatazwe kabisa. Ni heri za mtumba zilizokwisha kuzoea mguu, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa kuwa mguu huvimba kwenye lami yenye joto.

Lengelenge hutibiwa likiwa bado ni joto tu kwenye ngozi. Mtu akihisi mahali panaungua asimame hapo hapo, avue kiatu, akaushe mguu, abandike plasta na abadilishe soksi. Likishajaa maji, osha kwa sabuni, chukua sindano iliyosafishwa kwa spiriti, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua taratibu kwa pamba safi na uiache ile ngozi ya juu ilipo, kisha funika. Wengi huing'oa ngozi hiyo, na kesho yake wanapanda gari. Kila asubuhi mafuta ya mgando yapakwe katikati ya vidole na kwenye kisigino kabla ya soksi.

Wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu na kifafa wajiandikishe kwa muuguzi wa msafara pamoja na dawa zao za siku zote na ziada ya siku tatu. Mwenye kisukari asitembee bila kitu kitamu mfukoni na asitembee peku hata ndani ya darasa. Mkoa wa Pwani una malaria nyingi. Chandarua kiende na kila mtu, na mwenye homa apelekwe zahanati kupimwa siku hiyohiyo badala ya kugawiwa vidonge na jirani.

Hatua ya saba: maji, chakula na kirikuu

Hesabu lita nne za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Watu 40 wanahitaji lita 160, yaani madumu manane ya lita 20, bila kuhesabu ya kupikia. Kirikuu kimoja, yaani gari dogo la mizigo, hakiwezi kubeba madumu hayo, mabegi, mikeka, sufuria na wagonjwa wawili kwa pamoja, na hilo hugunduliwa asubuhi ya kuondoka. Ama mkodi viwili, ama kila hujaji awe na begi moja lisilozidi kilo saba na maji yajazwe kila siku mchana pale wapimaji walipoyaonja. Kirikuu kitangulie kilomita tano na kusubiri penye kivuli. Kikifuata nyuma ya watu kinageuka kizuizi barabarani.

Muuguzi awe na pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi hufanya kazi hiyo, mradi vipimo visikisiwe.

Uji wa asubuhi, wali au ugali na maharage jioni, na mchana viazi vya kuchemsha, mihogo, ndizi na karanga: hivyo vinatosha na havichachi haraka. Kiwangwa ni nchi ya mananasi, na vibanda vyake viko kando ya barabara. Waambieni mahujaji wale baada ya chakula na wasile mengi, maana nanasi juu ya tumbo tupu na mdomo uliokauka kwa jua huchubua ulimi, na anayeugua tumbo katikati ya Kiwangwa na Makurunge hana choo cha karibu.

Hatua ya nane: mwendo wa barabarani

Tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine au wawili wawili pale pembe ya barabara inaporuhusu. Wa kwanza na wa mwisho wavae vizibao vya kuakisi mwanga na wawe na filimbi. Mlima ukificha barabara, wa kwanza avuke na kusimama juu kabla ya wengine kuupanda. Spika za muziki zisitumike kwenye barabara kuu. Hujaji anapaswa kusikia lori kabla ya kuliona.

Mwezi Juni jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo ondokeni mwanga unapotosha dereva kumwona mtu, si kabla. Tembeeni hadi saa nne na nusu, pumzikeni kivulini hadi saa tisa na nusu, malizieni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, pamoja na mapumziko mafupi, hapo kuna kilomita 20 hadi 22 bila kukimbizana. Anayeongoza awe mtu wa mwendo mdogo kuliko wote; vijana wenye haraka wapewe kazi ya kukaa nyuma na kusindikiza wazee.

Kila hujaji awe na kijitabu kinachogongwa mhuri wa parokia au shule kila jioni. Wanaotembea hadi Santiago de Compostela nchini Hispania hutumia kitabu kama hicho kuthibitisha kwamba wametembea angalau kilomita 100 za mwisho. Kwenu kina faida nyingine: katibu anapokusanya vijitabu ili vigongwe mhuri, anahesabu watu bila kuita majina, na kijitabu kinachokosekana ni mtu wa kutafutwa kabla giza halijaingia.

Katika vijiji, nyimbo zikome mnapokaribia msikiti wakati wa swala, na kina mama wawe na khanga za kujitanda. Bagamoyo yenyewe ni mji wa dini mbili; Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliufanya kituo kikubwa cha tarika ya Kadiria, na watu wa huko wanajua vizuri kupokea wageni wanaokuja kwa ajili ya ibada.

Hatua ya tisa: kuingia na kurudi

Tarehe 28 kundi la bara litavuka Ruvu. Mto huo una viboko na mamba, na asishuke mtu kunawa miguu hata kama maji yanaonekana yametulia. Kundi la bara na la pwani yalale sehemu mbili tofauti mjini ili vyoo visizidiwe, na asubuhi ya tarehe 29 yakutane Caravan Serai, mahali pa misafara ya zamani, saa kumi na mbili na nusu. Kutoka hapo hadi misheni ni mwendo mfupi unaoishia katika njia yenye miembe mikubwa, na sehemu hii watembee wote, hata waliopanda kirikuu, hata kwa magongo. Kanisa kubwa, lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, liko karibu na mnara wa kanisa la kale. Ombeni mapema Misa iwe saa ngapi na nani atafungua makumbusho, maana watu 40 au 100 hawaingii kwa mara moja. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako kusini ya mji na yanaweza kutembelewa alasiri kwa gari na wale ambao bado wana hamu.

Usafiri wa kurudi ulipiwe kabla ya tarehe 18. Wanaotoka Dar es Salaam watapata daladala bila shida. Wa Morogoro wana njia mbili: basi dogo la kukodi kupitia Msata na Chalinze, au kwenda Dar es Salaam na kupanda treni ya mwendokasi ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inafika Morogoro. Wa Tanga wateremkie Msata na kupanda mabasi yanayotoka Dar es Salaam, ila nafasi ziwekwe siku moja kabla, kwani mabasi hayo hufika hapo yakiwa yamejaa. Kirikuu kiondoke cha mwisho, baada ya mhasibu kulipa madeni yote ya maji na kuni, na kikiwa njiani kurudi kisimame Makurunge, Kiwangwa na Lugoba kurudisha sufuria na mikeka ya wenyeji.